Ninunue .375 ya mzee anayestaafu au nitafute .458? Naombeni ushauri

Msasi_Rungwa (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Kuna jambo linaninyima usingizi, nalo ni la bunduki. Naomba wachangie hasa waliowahi kuingia kichakani wakifuata damu.

Nimefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii miaka kumi na moja. Nilianza kubeba maji, nikawa mfuata nyayo, na misimu minne iliyopita nimekuwa msaidizi wa mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni aliyekuja kuwinda na kumlinda, upande wa Rungwa. Sasa najiandaa kwa mtihani wa uwindaji bingwa. Nikijaliwa kufaulu nitahitaji bunduki yangu mwenyewe ya wanyama hatari, na kwetu kule mnyama hatari kwanza ni mbogo, wengine baadaye.

Mzee niliyekuwa chini yake anastaafu, na ameniambia yuko tayari kuniachia bunduki yake kwa bei ya kibinadamu. Ni Brno ZKK 602, bunduki ya boliti, kaliba (yaani kipenyo cha risasi kwa inchi) .375 H&H Magnum. Mbao ya kitako imeng'aa pale mkono wake uliposhika miaka yote. Nimeiona ikifanya kazi. Msimu wa mwaka juzi mgeni alimpiga mbogo dume nyuma ya bega, mbali kidogo na palipotakiwa, mnyama akaingia kwenye majani marefu ya bondeni. Tulifuata damu saa mbili na nusu. Alipotoka, alitoka upande wangu. Mzee alifyatua mara moja, akavuta boliti, akafyatua tena, mnyama akaanguka kifudifudi na pembe zikachimba udongo mbele ya miguu yangu. Sijasahau harufu ya baruti ya siku ile.

Kinachonitatiza ni wenzangu watatu, vijana kama mimi, ambao wote tayari ni wawindaji bingwa. Wanasema .375 ni ya wageni. Mwindaji bingwa abebe .458 au .416, basi. Mmoja kaniambia nisinunue risasi ya mwaka 1912 kwa kazi ya leo. Nilipewa .458 yake niijaribu. Nilipiga tatu. Ya tatu nilihisi wazi kwamba nilifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio.

Swali langu ni hili: watu wanavyoipenda .375 miaka yote hii, ni mazoea na heshima kwa wazee, au kweli ina kitu? Na mtu anayesimama nyuma ya mgeni inamtosha?

---

MzeeKitalu

Marahaba kijana. Kabla sijasema neno, nijibu. Huyo mbogo alitokea umbali gani?

---

Msasi_Rungwa

Mzee, tulipima kwa hatua baadaye. Kumi na mbili.

---

MzeeKitalu

Vema. Waache wenzangu waseme kwanza, nitarudi.

---

Fundi_Mtutu

Mkuu, mimi ni fundi wa silaha, wawindaji si wenzangu, kwa hiyo nitasema upande wa chuma tu.

Hiyo risasi ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Wakati ule baruti iliyotumika ni kordaiti, nyuzinyuzi ndefu kama tambi, na tabia yake mbaya ni kwamba jua likiwa kali shinikizo linapanda. Bunduki iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza ikifika Tabora mwezi wa kumi, ganda linavimba na kung'ang'ania ndani ya chemba. Fikiria linang'ang'ania huku mnyama anakuja. Ndiyo maana ganda la .375 lilichongwa refu na jembamba kuelekea mdomoni, kama karoti. Likisogea kidogo tu kurudi nyuma, linaachia kuta zote za chemba kwa pamoja. Na wakati wa kuingia linateleza, hata ukivuta boliti kwa mkono unaotetemeka. Kordaiti imeondoka zamani, lakini umbo limebaki, na ulaini ule wa kuingia na kutoka ndio unaowafanya wazee waipende bila kujua kueleza kwa nini.

Ule mkanda unaouona kwenye kitako cha ganda una kazi yake pia. Bega la ganda limeinama mno, haliwezi kushikilia risasi mahali pake ndani ya chemba, basi mkanda ndio unaoishikilia. Kwa teknolojia ya leo mkanda si lazima, nakubali. Ila angalia uzao wake: .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, .338 ya 1958, 7mm Remington Magnum ya 1962, .300 Winchester Magnum ya 1963. Zote zimetoka kwenye ganda lenye mkanda ule ule, limekatwa au kupanuliwa. Hao vijana wanaokwambia uachane na .375 uchukue .458 wanakupeleka kwa mtoto wake.

Namba: kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, kinatoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kama juli 5,700. Ukiweka greni 270 kinatoka karibu mita 820 kwa sekunde na kinaruka karibu sawa na .30-06. Kwa hiyo bunduki ile ile unayoitegemea kwa mbogo hatua kumi na mbili, unaweza kumpiga nayo palahala ng'ambo ya mbuga mita mia mbili bila kubahatisha. Sijui kaliba nyingine nyingi zenye uwezo huo pande zote mbili.

Kasoro yake ninayoiona: ni ndefu. Risasi nzima ina milimita 91, inataka boliti ndefu, na bunduki za urefu huo ni chache na bei yake si ndogo. Mwaka 2007 ikaja .375 Ruger, fupi kidogo, nene kidogo, nguvu ile ile, inaingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida. Kwa hesabu za fundi ilitakiwa iimalize ile ya kwanza. Haikuimaliza.

Kuhusu hiyo Brno, usilipe kabla hujafungua kitako. Nitakuandikia cha kuangalia.

---

Jembe_458

Nawaheshimu wote ila hapa natofautiana, na natofautiana kwa sababu nimezika mtu.

Mgeni anapompiga mbogo, .375 inamtosha kabisa. Mnyama hajui kama yupo, ametulia, mgeni ana fimbo tatu za kuegemeza, ana muda wa kuvuta pumzi. Kazi ya mwindaji bingwa ni nyingine. Yeye anapiga mnyama ambaye tayari ana risasi mwilini, damu imechemka, anakuja. Mbogo akikimbia kilomita 50 kwa saa, hatua kumi na tano anazimaliza kwa sekunde moja hivi. Ndani ya sekunde hiyo huwezi kuchagua mshipa. Unataka kitu kizito kitakachomvunja mwendo hata kama hukupiga penyewe.

.458 ina kichwa cha greni 500, gramu 32. Kipenyo milimita 11.6 dhidi ya 9.5. Eneo la tundu lake ni kubwa kwa karibu nusu. Hayo si maneno ya kijiweni.

Ndugu yangu mmoja tulikuwa naye kambi moja. Alikuwa na .375, na alikuwa mpigaji mzuri kuliko mimi. Alipiga risasi moja kifuani, mnyama hakusimama, na ya pili hakuiwahi. Sitasema zaidi. Tangu siku hiyo sijabeba chochote chini ya .458.

---

Msasi_Rungwa

Pole sana kaka. Asante kwa kusema, najua si rahisi.

---

Fundi_Mtutu

Pole sana Jembe. Sibishani na msiba.

Naongeza kitu kimoja kwa faida ya kijana, kuhusu .458 yenyewe. Ganda lake ni fupi, na zamani viwandani walilazimika kushindilia baruti ili kufikia kasi waliyoitangaza. Risasi zikikaa muda mrefu, baruti ile ilishikana ikawa bonge, nyingine zikatoka na nguvu pungufu. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyekuja na .458 Lott mwaka 1971, akirudi kwenye ganda la urefu kamili la .375. Baruti za siku hizi zimetibu tatizo kwa kiasi kikubwa. Ila ukipewa risasi za .458 zilizokaa stoo tangu enzi za baba yako, usiziamini kwa mbogo.

---

Mkamba_Halisi

Salamu kutoka Makueni. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo mimi sijawahi kuwinda na sitadanganya kwamba najua. Lakini babu yangu alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji waliokuwa wakitoka Nairobi kwenda upande wa Tsavo na mpaka wa Tanganyika, miaka mingi kabla ya hiyo marufuku.

Babu aliweka ugoro wake ndani ya ganda la risasi. Lilikuwa refu, la shaba, na kizibo cha mti alichochonga mwenyewe. Tukiwa watoto tulikuwa tunapitisha kidole kwenye ule mkanda wa chini tukiuliza ni wa nini, naye anasema, "Huo ni mshipi wake, bila mshipi hasimami." Nimesoma maelezo ya Fundi leo ndipo nimeelewa kwamba mzee alikuwa anatwambia ukweli mtupu. Nimekwenda kulitoa kabatini sasa hivi. Chini limeandikwa .375.

Nilichokisikia kwake mara nyingi ni hiki: wageni waliokuja na bunduki kubwa za mitutu miwili, wafuata nyayo waliwaogopa kidogo, kwa sababu wengi wao walizinunua kwa ajili ya safari hiyo tu. Aliyekuja na hiyo ya mshipi, mara nyingi ilikuwa imechakaa mikononi mwake. Na kazi ya kufuata damu, aliyeifanya ni babu, si yule mgeni. Kwa hivyo alikuwa akitazama mikono ya mgeni siku ya kwanza, kabla ya kutazama bunduki.

Msasi, wewe umekuwa mfuata nyayo kama yeye. Nadhani unaelewa.

---

Binti_Pori

Habari zenu. Mimi ni afisa wanyamapori, kwa hiyo niruhusuni niseme la sheria kwanza maana naona limesahaulika.

Kwa nyati, tembo na wenzao, .375 ndiyo kaliba ya chini inayokubalika hapa Tanzania. Kuna watu humu wanaipenda 9.3x62, ile ya Mjerumani Otto Bock ya mwaka 1905. Ni risasi nzuri na imefanya kazi nyingi katika bara hili, lakini kipenyo chake ni .366, kipo chini ya mstari. Msasi, hata kama hujali historia, ujue kwamba .375 ndiyo iliyotumika kuchora mstari wenyewe nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika. 

La pili, silaha haihami mkono kwa karatasi ya kuandikiana nyumbani, hata kama mzee ni kama baba yako. Leseni ni ya mtu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 mnaanzia polisi, mzee na wewe, na bunduki haitoki kwake mpaka kibali kiwe na jina lako. Nimeona vijana wazuri wakiharibu kazi yao hapo hapo.

La tatu ni la kazini kwangu. Tembo wakiingia mashambani tunaitwa usiku. Kwanza ni kelele, tochi, pilipili, tunafanya kila njia warudi. Ikishindikana kabisa, ndipo risasi. Kituoni tuna .458 na .375. Askari mwenzangu aliye mzoefu kuliko sote, mwembamba, kilo 58, huchukua .375 kila mara. Nilimuuliza sababu. Alinijibu kwamba gizani, akiwa amelowa na amechoka, anataka bunduki ambayo mwili wake hauigombi.

---

Liwale_Kwetu

Nyie mnaongea kaliba kubwa tu. Mbona yule Bell wa Karamoja, mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo zaidi ya elfu, na wengi aliwaua kwa 7mm? Risasi nyembamba kama kidole cha mtoto. Kinachoua ni shabaha.

---

Fundi_Mtutu

Kweli Bell alitumia .275 Rigby, ambayo ndiyo 7x57 ya Mauser. Lakini mtu yule alikuwa akipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kichwa. Aliwapiga tembo ambao wengi hawakuwa wamezoea bunduki, uwanda wazi, na muda alikuwa nao. Tena alitumia risasi ngumu tupu, zisizopanuka. Ukiwa na elimu yake na tembo wake, sawa. Mfano wake umewaponza watu wengi waliochukua kaliba yake wakaacha msumeno.

---

Bongo_Anchorage

Wakuu nawasoma kutoka Alaska, niko huku mwaka wa tisa. Sikutegemea kukuta uzi wa .375 kwa Kiswahili, nimefurahi sana.

Huku hakuna mbogo, ila kuna dubu wa kahawia wa pwani na wa kisiwa cha Kodiak, dume likinenepa linapita kilo 500. Nilifanya kazi misimu miwili ya kubeba mizigo na kupika kwenye kambi ya waongozaji. Waongozaji wa dubu ndio wenzenu wa huku, wanasimama nyuma ya mgeni na wanaingia kwenye vichaka vya mialda vilivyosongamana, mvua inanyesha siku nzima. Wawili kati ya watatu niliofanya nao kazi walibeba .375 H&H. Mmoja aliipata kwa baba yake, Winchester Model 70. Bunduki hiyo imekuwa ikitengenezwa kwa kaliba hiyo tangu mwaka 1937.

Nilimuuliza kwa nini hachukui kubwa zaidi. Akanionyesha mizigo tuliyobeba. Tulikuwa tunatembea na vifurushi vya kilo thelathini siku kutwa, halafu mwisho wa safari unatakiwa upige vizuri. Basi. Sikuuliza tena.

---

Jembe_458

Dubu hana pembe zilizofunika paji la uso kama kofia ya chuma. Ila nimekuelewa kuhusu uzito.

---

MzeeKitalu

Sasa nimerudi. Nimewasoma wote, na Jembe nimekusoma mara mbili. Pole mwanangu.

Msasi, nilibeba .375 misimu kumi na tisa. Baadaye nikaongeza ya mitutu miwili, .470. Kwa hiyo nimesimama pande zote mbili na sina upande wa kutetea.

Jembe amesema kweli kuhusu ile sekunde moja. Kwa mbogo anayekuja, risasi nzito ni bora kuliko nyepesi, sitakudanganya. Lakini maneno yake yana sharti ambalo hakulitaja kwa sababu yeye mwenyewe amelitimiza zamani: uwe unaweza kuipiga hiyo .458 bila woga. Teke lake ni karibu mara moja na nusu ya lile la .375. Wewe umeandika mwenyewe kwamba ya tatu ulifumba macho. Wengi hawasemi jambo hilo, wanalificha, na siku ya siku linawatoa. Mtu aliyefumba macho hatua kumi na mbili, risasi yake inapita juu ya mgongo wa mnyama. Hapo kipenyo cha milimita 11.6 hakina msaada wowote kwake.

Sasa jipime. Nenda uwanja wa shabaha na mtu unayemwamini. Mpe bunduki akujazie yeye, wewe usione, achanganye risasi hai na bandia. Wewe lenga na fyatua. Ikitokea bandia, mdomo wa mtutu utakuambia ukweli: ukitikisika au kuzama chini, umeogopa. Fanya kwa .375, fanya kwa .458, siku tofauti, maana bega likishaumia halikupi jibu la haki. Usipige umekaa mezani. Meza inafaa kurekebisha darubini tu. Piga umesimama, ukiwa umetoka kukimbia mita mia.

Baada ya hapo jifunze boliti. Wengi wakifyatua wanashusha bunduki waone matokeo. Usishushe. Kitako kikiwa begani bado, mkono uvute na kurudisha boliti mpaka mwisho kabisa, kwa nguvu, usiibembeleze. Ndugu yake Jembe hakuiwahi ya pili, na simlaumu, sikuwepo. Ila ya pili ndiyo ninayowafundisha vijana kuliko ya kwanza.

Sababu nyingine za .375 hazisemwi sana kwa kuwa ni za kambini, hazina ushujaa. Mwaka mmoja nilipokea mgeni na bunduki yake nzuri ya kaliba mpya, jina refu. Bunduki ilifika, sanduku la risasi halikufika. Shirika la ndege likasema kesho, kesho ikawa siku sita. Kaliba ile hapakuwa na mtu mwenye nayo kuanzia Arusha mpaka kambini kwetu. Nilimpa .375 yangu ya akiba na nikafungua boksi langu. Aliwinda siku zake zote kwa bunduki ya kuazima, na mbogo wake alimpiga moyo. Katika vitalu nilivyopita sikumbuki kambi isiyokuwa na boksi la .375 mahali fulani, hata kama ni chini ya kitanda cha mpishi.

Na wageni wako wengi watakuja nayo. Ukiijua kwa kuibeba mwenyewe, utajua kumwambia mgeni apige wapi na kwa risasi ipi. Moyo wa mbogo umekaa chini, kwenye theluthi ya chini ya kifua, katikati ya miguu ya mbele. Wageni wengi hupiga juu mno, wanalenga katikati ya mwili. Ya kwanza iwe laini, ile inayopanuka, hasa akiwa kundini, kwa sababu ngumu hutoboa upande wa pili ikamjeruhi wa nyuma, ukawa na damu mbili za kufuata. Zinazofuata, ngumu.

Ushauri wangu: chukua .375 ya mzee. Ibebe misimu mitatu. Kisha kama mwili umekomaa na umejipima kwa haki, ongeza .416 au .458, usiuze ya kwanza. .416 inakaa katikati vizuri, greni 400 kwa kasi ya mita 730 kwa sekunde hivi, ila risasi zake utazitafuta kwa tochi.

---

Jembe_458

Mzee nakubali. Nilianza na .458 nikiwa na miaka 34 na kilo 92, na nilishapiga risasi nyingi kabla. Msasi, kama ya tatu ulifumba macho, msikilize mzee. Ukifika muda wa .458 nitafute, nitakufundisha bure.

---

Fundi_Mtutu

Nilichoahidi. Fungua skrubu, toa chuma kwenye mbao, angalia sehemu mbili: nyuma ya boliti pale kitako kinapoanza kuwa chembamba, na pale mbele mbao inapopokea teke. Bunduki yoyote ya nguvu hii ikipigwa miaka mingi, mbao hupasuka hapo, na ufa huanza kama unywele. Ufa unatibika kwa gundi ya fundi na chuma cha kupitisha ndani, usiogope, ila ujue kabla ya kulipa.

Angalia mdomo wa mtutu kwa ndani, kingo zisiwe zimeliwa na ufito wa kusafishia. Angalia kucha inayovuta ganda, iwe inalishika mara tu risasi inapotoka kwenye kasha, isisubiri mpaka boliti ifungwe. Mwisho, fyatua risasi moja uchunguze ganda juu kidogo ya mkanda. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka, chemba imelegea. Usiipige tena, niletee.

---

Msasi_Rungwa

Wakuu, nimechelewa kurudi, wiki tano. Naleta mrejesho.

Nilikwenda uwanja wa shabaha na mzee mwenyewe, leseni yake mfukoni. Kwanza alinijazia .375, risasi ishirini, bandia sita ndani yake. Kwenye bandia mbili za kwanza mtutu ulizama kidogo. Nne zilizofuata ulitulia. Siku ya tatu kaka mmoja alileta .458 yake. Bandia nne, mtutu ulizama zote nne, ya mwisho vibaya. Sikuhitaji kuulizwa.

Nimesimama nimehema, hatua ishirini, kwa .375 naweka tatu ndani ya eneo la kiganja. Risasi mbili kwa boliti, nilianza na sekunde nne, sasa niko chini ya tatu. Mzee anasema bado.

Tulifungua kitako. Ufa upo, nyuma ya boliti, mfupi kuliko ukucha wangu. Mzee alinyamaza muda mrefu akiutazama, kisha akasema hakuwahi kufungua bunduki hiyo kwa miaka kumi. Amepunguza bei mwenyewe bila mimi kusema. Chemba iko salama, ganda halikuwa na mstari. Fundi, nitakuletea kitako.

Dada Binti_Pori, tumeanzia polisi kama ulivyosema. Maombi yamepokelewa, bunduki iko kwa mzee kabatini mpaka kibali kitoke. Mtihani ni mwezi ujao.

---

Mkamba_Halisi

Hongera ndugu yangu. Nina ombi moja. Siku utakapompiga mbogo wako wa kwanza kwa hiyo bunduki ikiwa na jina lako, usilitupe ganda. La babu limeanza kupasuka mdomoni na ugoro unamwagika. Mama yangu ndiye anayelitumia siku hizi.

---

Msasi_Rungwa

Nitaliokota mwenyewe. La ya kwanza na la ya pili, yote mawili.